Prosesa Mpya Bila Kuvunja Kibubu

Mmoja anarusha gemu, mwingine anahariri video za harusi, na kompyuta ni moja. Kabla hamjabeba akiba yenu kwenda Kariakoo, someni hapa kwanza. Tena mkiwa wawili.

Mashangazi kwenye kicheni pati hufundisha mengi: namna ya kumpokea mume akitoka kazini, namna ya kuishi na mawifi, hata namna ya kuficha hela ya dharura. Kuna ugomvi mmoja hawaugusi kwa sababu enzi zao haukuwepo. Ni ugomvi wa kompyuta ya nyumbani.

Unaujua. Bwana akirudi anataka kukaa na gemu lake, na siku hizi hachezi kimya kimya. Analirusha mubashara Twitch au YouTube ili watu wamtazame. Bibie naye ana kazi ya pembeni ya kuhariri video za harusi, na kuna bibi harusi anapiga simu kila siku kuuliza video yake iko wapi. (Kwenu inaweza kuwa kinyume: bibie ndiye mcheza gemu. Ugomvi ni ule ule.) Mashine yenyewe ina miaka mingi na inanguruma kama jenereta. Gemu linakwama, video ikianza kurenda jioni inamaliza alfajiri. Hapo mmoja anatamka, "Tununue prosesa mpya." Mwenzake anajibu, "Na kodi ya nyumba?"

Wote wawili wana hoja. Prosesa iliyochaguliwa vizuri inaweza kuifanya mashine ya zamani ifanye kazi kama mpya, kwa hela ndogo kuliko kununua kompyuta nyingine. Prosesa iliyochaguliwa kwa sifa za muuza duka inaweza kuwaacha na tatizo lile lile, ila sasa hamna akiba. Siri ni moja: jueni kwanza mashine yenu inakabwa wapi, ndipo mtoe hela.

Pima kwanza, nunua baadaye

Hiki ni kipimo cha bure. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, ambayo inaonyesha prosesa, RAM, diski na kadi ya picha zinavyotumika. Iache wazi, halafu fanyeni kazi zenu kama kawaida, gemu kwa gemu na video kwa video.

Kama prosesa imepanda hadi karibu asilimia 100 wakati kadi ya picha bado imetulia, mgonjwa ni prosesa. Kama kadi ndiyo imefika juu, prosesa mpya haitasaidia kitu kwenye gemu hilo. Kama RAM imejaa, ongezeni RAM. Kama diski ndiyo inayohema, hasa ikiwa bado ni ile ya kuzunguka, nunueni SSD kwanza. Wengi wameshangaa kuona mashine waliyotaka kuitupa imechangamka baada ya kuwekewa SSD tu.

Angalizo kwa wacheza gemu: namba ya jumla ya prosesa inaweza kukudanganya. Ndani ya prosesa kuna viini kadhaa, mafundi huviita kori, na kila kimoja ni kama mfanyakazi. Gemu nyingi humbebesha mfanyakazi mmoja au wawili mzigo mkubwa huku wengine wamekaa. Unaweza kuona prosesa iko asilimia 50 kumbe kiini kinachotegemewa kimeshachoka. Kwa hiyo tazama kadi ya picha: kama gemu linakwama na kadi haijafika juu, mshuku prosesa.

Anayerusha gemu kwa OBS Studio, programu ya bure inayotumiwa na wengi, ana kipimo kizuri zaidi. Ndani yake kuna dirisha la takwimu lenye namba tatu za picha zinazopotea. Ya kwanza ni picha zilizokosekana kwa sababu kadi imezidiwa. Ya pili ni zilizorukwa kwa sababu kazi ya kubana video imezidiwa. Ya tatu ni zilizoanguka njiani kwa sababu ya intaneti. Ikiwa inayopanda ni ya tatu, hakuna prosesa duniani itakayowasaidia. Ongeeni na watu wa intaneti.

Kurusha gemu: huenda dawa unayo tayari

Kurusha gemu ni kazi mbili kwa mpigo. Kwanza gemu lenyewe lichezeke. Pili, picha zake zibanwe ziwe ndogo kiasi cha kupita kwenye intaneti. Kazi ya pili inafanywa na kitu kinachoitwa enkoda, na hapa ndipo hela nyingi hupotea.

Zamani mtu aliyetaka picha safi aliiachia prosesa kazi ya kubana. Njia hiyo, ambayo OBS huiita x264, inakula viini kama mchwa. Ndiyo maana bado utamsikia mtu akikwambia kwamba bila prosesa ya viini vingi huwezi kurusha gemu. Maneno hayo yalikuwa na ukweli wake. Lakini kadi za Nvidia zina enkoda yao ya pembeni inayoitwa NVENC, na kuanzia kadi za RTX 20 za mwaka 2018 ubora wake ulipanda sana. Enkoda hiyo inabana video huku prosesa ikiendelea na gemu, na prosesa haihisi mzigo mkubwa.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mwenzako mvunje kibubu, ingia kwenye mipangilio ya OBS uone enkoda iliyochaguliwa. Kama una kadi ya RTX na bado umeweka x264, badilisha, jaribu usiku mmoja. Inawezekana ugomvi ukaishia hapo, bila kutoa hata senti.

Kisha piga hesabu ya bando. Kiwango kilichozoeleka Twitch kwa picha nzuri ni kilobiti 6,000 kwa sekunde. Hiyo ni takriban GB 2.7 kwa saa moja ya kurusha. Saa tatu kwa usiku, siku nne kwa wiki, tayari ni zaidi ya GB 32. Kwa nyumba yenye intaneti isiyo na kikomo sawa, lakini anayetegemea bando la simu ajue kwamba hilo ni bili ya kila mwezi, wakati prosesa hununuliwa mara moja.

Kuhariri video: hapa viini vinalipa

Upande wa bibie mambo ni tofauti. Kurenda video ni kazi inayogawanyika vizuri, hivyo viini vingi hufanya kazi kwa pamoja kama watu wanaopika pilau la shughuli: huyu anakata vitunguu, yule anachambua mchele. Prosesa ya viini 8 itamaliza mapema kuliko ya viini 6 ya kizazi kile kile, pale programu inapotumia prosesa kwa kazi hiyo.

Lakini kinachowaudhi wahariri mara nyingi si kurenda. Unaweza kuiacha irende ukalala. Kinachoudhi ni video kukwamakwama wakati unakata, yaani bibi harusi anaingia ukumbini, picha inaganda, sauti inaendelea. Hapo tatizo ni kufungua faili zilizobanwa. Kamera nyingi za kisasa na simu hurekodi kwa H.264 au H.265, mifumo inayobana sana ili kadi ya kamera isijae, na kuzifungua ni kazi nzito.

Prosesa nyingi za Intel zina kadi ndogo ya picha ndani yake yenye kifaa kinachoitwa Quick Sync, ambacho kazi yake ni hiyo hiyo ya kufungua na kubana video. Kama kamera yenu inarekodi H.265 ya biti 10 kwa mfumo wa 4:2:2, Quick Sync ya kizazi cha 11 na kuendelea inaifungua, wakati kadi za Nvidia zilisubiri hadi familia ya RTX 50 ya mwaka 2025 ndipo zikaiweza. Hii ndiyo sababu mhariri akinunua Intel lazima aangalie herufi ya mwisho. Prosesa yenye F mwishoni, kama i5-12400F, haina kadi ya ndani, kwa hiyo haina Quick Sync. Muuzaji atakwambia ni ile ile ila rahisi kidogo. Kwa mcheza gemu anasema kweli. Kwa mhariri, F hiyo inaweza kuwa hasara.

Kuna dawa nyingine ya bure: proksi. Programu kama DaVinci Resolve na Adobe Premiere Pro zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za video zako. Unakata kwa nakala, na wakati wa kurenda programu inarudi kwenye faili zenye ubora kamili. Ziache zitengenezwe usiku, asubuhi unakata bila kukwama.

Na usisahau RAM. Kwa kuhariri, GB 16 ni pa kuanzia, na kwa kazi za 4K GB 32 zinakupa pumzi.

Swali kuu: ubao wako unakubali nini?

Prosesa haiingii popote. Inakaa kwenye soketi ya mazabodi, na kila soketi ina ukoo wake. Kwa mtu wa bajeti hili ndilo swali la kwanza, kwa sababu prosesa inayolazimisha mazabodi mpya na RAM mpya si ya bei nafuu tena, hata kama yenyewe inauzwa kwa punguzo.

Wenye bahati ni wale wa soketi ya AM4 ya AMD. Prosesa za Ryzen za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2017, na soketi hiyo hiyo ikapokea vizazi vilivyofuata hadi Ryzen 5000. Mtu aliyenunua Ryzen 5 1600 mwaka ule, kwenye mazabodi ya B350, anaweza kuweka Ryzen 5 5600 iliyotoka Aprili 2022, baada ya kusasisha BIOS. Mazabodi ile ile, RAM ile ile ya DDR4. Zote zina viini 6, lakini viini vya 2022 vina kasi kubwa zaidi, na gemu zitakuonyesha tofauti.

Kuna sababu nyingine ya kuhama. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Ryzen za kizazi cha kwanza haziko kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Kwa mashine inayobeba kazi za wateja na nywila za benki, hilo si la kupuuza.

Kwa Intel uwe makini zaidi. Prosesa za kizazi cha 6 na 7 na zile za kizazi cha 8 na 9 zote zinakaa kwenye soketi inayoitwa LGA1151, lakini mazabodi za mwanzo hazikubali rasmi prosesa za baadaye. Ukitazama kwa macho zinafanana. Ukiwasha, hakuna kitu. Vizazi vya 12, 13 na 14 vinashirikiana soketi ya LGA1700, hivyo mwenye i3 ya kizazi cha 12 ana nafasi ya kupanda.

Soketi mpya ya AMD, AM5 ya mwaka 2022, ni nzuri lakini inadai mazabodi mpya na RAM ya DDR5. Na mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani kwa sababu vituo vya akili bandia vilikuwa vinazinunua kwa wingi. Ukiwa na DDR4 inayofanya kazi, ithamini.

Ipi inamfaa nani

*Ryzen 5 5600.* Viini 6, wati 65, na kwenye boksi lake inakuja na feni. Ilitoka kwa dola 199. Kwa mwenye AM4 anayecheza, kurusha kwa NVENC na kuhariri kiasi, hii ndiyo ya kuanzia kuiangalia. Usichanganye na 5600G, ambayo ina kadi ya picha ndani lakini akiba yake ya ndani ya kumbukumbu ni MB 16 badala ya 32, na kwenye gemu hilo linaonekana.

*Ryzen 7 5700X.* Viini 8, wati 65 pia, ilitoka kwa dola 299. Kama video za harusi ndizo zinazolipa ada ya mtoto, viini viwili vya ziada vina maana. Haiji na feni, hivyo ongeza bei ya feni kwenye hesabu.

*Ryzen 7 5800X3D.* Ilitoka mwaka huo huo kwa dola 449. Ina viini 8 na akiba ya ndani ya MB 96, na wacheza gemu waliipenda kupita kiasi. Lakini akiba hiyo inasaidia gemu zaidi kuliko kurenda. Mkiinunua, semeni ukweli mezani: hiyo ni zawadi ya mcheza gemu.

*Core i5-12400, bila F.* Ya mwaka 2022, viini 6, na Quick Sync ndani. Kwa nyumba inayoanza upya kabisa, au yenye LGA1700 tayari, na ambayo kuhariri ndiyo kazi kuu, ni chaguo la heshima. Kuna mazabodi zake zinazotumia DDR4.

Ukitaka Intel ya mtumba ya kizazi cha 13 au 14, hasa zile zenye nguvu kubwa, uliza historia. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zinapewa umeme uliozidi na kuharibika taratibu, ikatoa marekebisho ya BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Marekebisho yanazuia, hayaponyi iliyokwisha kuumia.

Kwa wenye laptop na mashine za ofisi

Laptop za kisasa karibu zote prosesa yake imechomelewa kwenye ubao. Fundi akikuahidi kuibadilisha, mshukuru, ondoka. Kwenye laptop hela yako iende kwenye RAM na SSD, kama zinabadilishika.

Mashine za ofisi za mtumba kutoka Ulaya, zile ndogo nyembamba, zinavutia kwa bei. Lakini nyingi zina pawa saplai ya umbo la pekee na yenye wati chache, na ubao unaokubali prosesa chache. Kabla ya kununua ya kuijenga taratibu, hakikisha ina nafasi na umeme wa kubeba kadi ya picha.

Siku ya kwenda dukani

- Andika jina kamili la mazabodi yako. Programu ya bure ya CPU-Z itakuonyesha. Kisha fungua orodha ya prosesa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao huo. Kama prosesa haimo, usinunue, hata muuzaji akila kiapo.
- Sasisha BIOS *kabla* ya kutoa prosesa ya zamani. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, ubao unaweza kufa. Fanya kwa UPS, au azima kwa jirani.
- Unaponunua ya mtumba ya AM4, igeuze. Pini ziko chini ya prosesa yenyewe. Zikipinda au kukatika, rudisha.
- Omba iwashwe mbele yako na ifanyishwe kazi nzito dakika kumi au kumi na tano. Pata risiti yenye siku za dhamana.
- Wakati wa kutoa feni ya zamani kwenye AM4, washa mashine kidogo kwanza ili grisi ya kupozea ilainike, izime, uchomoe waya wa umeme, kisha zungusha feni taratibu. Ukivuta kwa nguvu inaweza kung'oka na prosesa.
- Paka grisi mpya. Na ile prosesa ya zamani iuzeni. Inarudisha sehemu ya gharama.

Mkae mezani wawili

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hakipimwi kwa Task Manager. Kompyuta ya nyumbani ikiwa moja, kila shilingi inayoingia humo ina upande inaoelemea. Viini 8 vinaelemea kwa mhariri. Akiba kubwa ya ndani inaelemea kwa mcheza gemu. Ukijifanya umenunua "kwa ajili yetu wote" kumbe umejinunulia mwenyewe, mwenzako atajua, na hatakwambia siku hiyo. Atakwambia siku ya ugomvi mwingine kabisa.

Njia ya haki ni kuuliza: kazi ipi inaingiza hela, na kazi ipi inampa mtu furaha? Zote ni halali. Mtu anayefanya kazi ya ofisi siku nzima ana haki ya kupumzika na gemu lake, na wapo wanaotamani siku moja liwalipe. Lakini inayoingiza hela ndiyo ipange foleni mbele, kwa sababu ndiyo itakayonunua kadi ya picha mwakani. Wekeni kikomo cha bajeti kabla ya kuingia dukani, kila mmoja akitaja namba yake, na mwende pamoja. Wawili ni vigumu zaidi kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Halafu pangeni ratiba, maana hata prosesa bora haiwezi kurusha gemu zito na kurenda video ya saa tatu kwa raha kwa wakati mmoja. Kurenda kuanze watu wakienda kulala. Usiku wa kurusha gemu ujulikane na uheshimiwe, na usiku mmoja kwa wiki mashine izimwe kabisa. Usiku huo ni wenu ninyi wawili, na hauna haja ya kurushwa popote.